Aliyebaki Kitini

Hadithi hii hakuna anayeweza kuisimulia akanishinda, ingawa lazima niseme kwamba wanaoijua vizuri zaidi wote wana kazi za kufanya.

Fundi wa suti na mkewe walikuwa na duka katika chumba cha mbele cha nyumba yao: cherehani mbili, meza ndefu ya kukatia, pasi nzito, na mlangoni kibao chenye jina la mume peke yake. Mkata vitambaa alikuwa mke. Alipitisha chaki, akaupeleka mkasi, na bega la koti likatoka kana kwamba limezaliwa hivyo. Mume alipima wateja, akashona kilichokwisha kukatwa, akapokea sifa. Alikuwa mtu mkavu. Maneno yake kwa mkewe kutwa nzima yangeenea nyuma ya kifungo.

Jioni, duka likishafungwa, Fundi alikuwa akinywa mvinyo mwekundu. Glasi ya kwanza ilimlegeza shingo. Akiimaliza ya pili, aliinuka kwenda kuoga, na mtu mwingine akabaki kitini. Shati lilelile, masharubu yaleyale, ila masikio yamekolea wekundu na uso umekunjuka kama nguo iliyotoka kupigwa pasi. Mke alimwita Wa Pili.

"Mgongo unakuumaje leo, mpenzi?" Wa Pili huuliza hivyo kwanza. Kisha huosha vyombo, huimba vibaya, hurudia kichekesho kilekile na kukicheka upya, na hutokwa na machozi redio ikitangaza mvua. Mwishowe humshika mke mkono, akaitazama sugu iliyoachwa na mkasi kwenye dole gumba, akasema, "Koti la leo umelikata wewe. Mimi najua."

Kwa maneno hayo mke alilala usingizi mnono. Alfajiri, mvinyo ukishamwisha Fundi mwilini, Wa Pili naye huwa ameisha, kiti kimebaki na joto kidogo.

Alipomweleza jirani yake, muuguzi, yule hakuacha hata kuanika nguo.

"Mwenzangu, shukuru Mungu. Wangu akinywa, anayebaki kitini ni mama yake."

Mambo yaliharibika jioni moja karani wa mahakama alipochelewa kuja kuchukua suti yake ya harusi, akawakuta wote watatu. Akalivaa koti, akajigeuza mbele ya kioo.

"Fundi, mkono kama huu wako haujapata kutokea!"

"Nakata mwenyewe," Fundi akasema.

"Muongo huyo," Wa Pili akasema kutoka kitini, kwa upole kabisa. "Anakata mke wetu. Sisi tukikata suruali, mguu mmoja unafika harusini kabla ya mwenzake."

Karani akacheka, akampa Wa Pili mkono, akamsalimu mke, akamgeukia Fundi. "Hata hivyo, Fundi, hongera sana."

Tangu siku hiyo Fundi akaacha mvinyo. Alisema ni kwa ajili ya presha. Kibao cha mlangoni akakipaka rangi upya, na jina lake likanenepa.

Mke aliendelea kukata. Jioni sasa ilikuwa na mume mmoja tu, naye alikuwa nyuma ya gazeti. Mgongo haukuulizwa habari. Ikabidi mke ajaribu kunywa glasi mbili yeye mwenyewe, ainuke aone nani atabaki. Hakubaki mtu. Alicheka tu peke yake mpaka mchana wa kesho yake, akakata kola pana kama sahani, na mteja akamsifu Fundi kwa kwenda na wakati.

Ndipo alipoanza kumwandalia mumewe juisi ya zabibu.

"Ni nzuri kwa presha," akamwambia. "Muuguzi amesema."

Fundi akanywa glasi moja, akaomba nyingine, akainuka kwenda kuoga. Alipofika mlangoni akasikia mtu akiimba vibaya. Akageuka.

"Huyu anafanya nini hapa?"

Mke alikuwa akikunja kitambaa kilichokwisha kukunjwa. "Labda amepita kutusalimia."

"Umenitilia mvinyo."

"Mvinyo! Mimi? Mume wangu, humu ndani halijaingia hata tone tangu ulipoacha. Hiyo ni juisi tupu, nimeikamua kwa mikono yangu hii."

Fundi akamtazama aliyekaa kitini. Mke naye akamtazama, akamkonyeza, akamkanyaga mguu chini ya meza. Wa Pili akamtabasamia kwa mapenzi yote aliyokuwa nayo, ambayo hayakuwa haba, akaramba midomo.

"Nusu kwa nusu," akasema. "Chupa iko kwenye kapu la vipande, chini ya mfuko wa vifungo. Na safari hii, mpenzi, umechagua nzuri kuliko ile tuliyokuwa tunanunua sisi."