Mawingu Niliyotia Sahihi

Mimi nina mdomo, hilo halina ubishi. Lakini mbele ya mjomba nilikuwa nafyata mkia, maana ndiye aliyenilea, akanisomesha, na mwishowe akanitafutia meza kando ya meza yake.

Kazini wanamwita Mizani. Ana nyota zake mbili katika galaksi ya jirani. Zinazungukana, na kila moja ikipita mbele ya nyingine mwanga hupungua. Kwa kupungua huko tunapata ukubwa wa nyota zenyewe. Kwa ukubwa na rangi, mwanga wake halisi. Na tukiulinganisha na huu hafifu unaotufikia, tunajua galaksi nzima iko mbali kiasi gani. Umbali huo ndio kitabu cha mjomba. Siku hiyo saa nane mchana kilikuwa kinakwenda kuchapwa, jina langu chini ya lake.

Kazi yangu ilikuwa daftari. Asubuhi vipimo vinaingia kutoka kwenye darubini ya mlimani. Mwanga usipozama mpaka kwenye mstari mwekundu aliouchora mjomba, pale anaposema unapaswa kufika nyota zikikingana, naandika "wingu", natia sahihi, kipimo kinatupwa.

"Nyota hazibadiliki, mwanangu," alinifundisha siku ya kwanza. "Kinachobadilika ni anga."

Miaka sita nimeandika wingu. Mwaka wa kwanza mara tatu nne. Mwaka huu, kila mara. Na mimi, punguani, nikawa nalaumu mvua.

Asubuhi hiyo watu wa darubini nyingine, nchi ya mbali, walitutumia kipimo chao cha kupatwa kulekule kwa nyota zetu. Mwanga wao nao haukufika mstarini, na ulikomea palepale ulipokomea wetu. Wingu gani hilo la kufunika milima miwili kwa kiasi kimoja? Nikayapanga mawingu yangu yote kwa tarehe. Kila kupatwa kulikuwa kudogo kuliko kulikotangulia.

Maelezo ni moja tu: kuna nyota ya tatu. Inazivuta zile mbili pembeni, kidogo kidogo, na miaka michache ijayo hazitakingana tena machoni petu. Tena mwanga wake tumekuwa tukiuhesabu kama wa zile mbili. Galaksi iko mbali kuliko kitabu kinavyosema.

Nilimkuta mjomba anafuta miwani. Nikaweka karatasi mbele yake. Hakuitazama.

"Ya tatu?" akauliza.

"Unajua tangu lini, mjomba?"

"Kabla hujaja."

"Sasa mimi ulinileta wa nini?"

Akalifungua daftari, akapitisha kidole polepole kwenye safu ya sahihi. Zote zangu. Hata moja si yake. Nikaelewa kwamba nilikuwa nimefugwa, na iliniuma kuliko kufiwa.

"Bado kipimo cha leo," akasema kwa upole wake uleule, akanisogezea kalamu. "Gari la wachapaji liko njiani."

Nikaandika: anga safi. Nikatia sahihi, kubwa kuliko zote.

Akasoma, akavaa miwani, akasoma tena.

"Vizuri," akasema. "Sasa kila mtu ataona unajua kutofautisha wingu na anga safi. Watakuuliza hayo mengine uliyaandikaje."

Honi ikalia huko chini. Nikalikumbatia daftari, nikashuka kumwambia dereva arudi mikono mitupu.