Kikombe cha Bi Verlene

Wiki ile Daktari Oleta Brashear aliwapa wanafunzi wake kazi ya kunywa. Kila watakachokitia kinywani kuanzia asubuhi hadi jioni, iwe maji, kahawa au chai, kwanza kitiwe ule unga wa kukizidishia uzito, kikorogwe mpaka kiwe kama uji wa mgonjwa, ndipo kinywewe. Hata chai baridi ya sukari, ambayo watu wa Texas hawawezi kumaliza mlo bila hiyo, ikawa inashuka kooni kwa kusuasua kama haitaki. Watoto wa watu walikunja nyuso. Mmoja alisema heri afe na kiu.

Rainey Tidwell alikunywa zake zote. Si kwamba alikuwa jasiri kuliko wenzake, la hasha. Kila kikombe alichokishika alimwona Bi Verlene ndani yake.

Walikuwa wanasomea shahada ya uzamili katika chuo cha Kikristo pale Harlan Springs: tiba ya usemi na kumeza. Mtoto mwenye kigugumizi ni wao, mtu aliyepokonywa maneno na kiharusi ni wao, na yule ambaye koo lake limesahau kumeza ni wao pia. Kila somo lilifunguliwa kwa sala, na sala ya Daktari Brashear ilikuwa fupi kuliko zote chuoni, kwa sababu, alisema, Mungu naye ameiona ratiba. Mchana walikwenda kufanya mazoezi kwa wagonjwa wa kweli. Rainey alipangiwa nyumba ya kutunzia wazee, chumba cha mwisho kabisa, kwa Bi Verlene Stubblefield.

Kanisani kwao, ambako Rainey na mwalimu wake nao walisali, hakuna asiyemjua mama huyu. Tangu ujana wake ndiye aliyeoka mkate usiotiwa chachu wa Meza ya Bwana, ndiye aliyejaza vile vikombe vidogo juisi ya zabibu kila Jumamosi. Na kanisa lao si la kushiriki mara moja moja kwa mwaka. Wao ni kila Jumapili, mvua inyeshe, jua liwake. Kiharusi kilipompiga majira ya baridi, mdomo ulikwenda upande, maneno yakawa yanaburuta miguu, na madaktari wakakataza chochote chepesi kama maji na chochote kikavu chenye makombo. Basi kila Jumapili sinia la mkate na vikombe lilifika chumbani kwake, naye akatikisa kichwa, likaondoka. Kiti cha magurudumu alikizoea. Sinia hakulizoea.

Siku moja katikati ya mazoezi ya ulimi, alisita, akamtazama Rainey.

"Meza ile nimeiandaa maisha yangu yote," alisema taratibu, neno baada ya neno. "Sasa inanipita kama simjui mwenye meza."

Hapo ndipo kiherehere kilipompanda binti wa watu. Machozi yalimlenga, akamshika mkono Bi Verlene, akamwambia Jumapili ya Marejeo, ile ambayo watoto wote wa kanisa waliohama hurudi na kula pamoja uwanjani, Bi Verlene naye atashiriki Meza ya Bwana. Akaongeza, "Nakuahidi." Na ahadi, kama tujuavyo, ni deni. Kufikia jioni Bi Verlene alikuwa ameshawaambia wauguzi wote, na mpishi, na mwanamke wa chumba cha jirani asiyesikia.

Habari hazina miguu lakini hufika. Kesho yake Daktari Brashear alimwita Rainey ofisini, akamwambia afunge mlango. Hakupandisha sauti. Afadhali angepandisha.

"Umeahidi kwa koo la nani?" alimuuliza.

Rainey alijitetea kwamba ni tone tu la juisi, kwamba yule mama ana huzuni, kwamba akipaliwa atakohoa, nao watajua. Mwalimu wake akamsikiliza mpaka mwisho, kisha akamweleza kwa utaratibu kile alichokwisha kufundishwa darasani akakisahau kwa huruma: wako wasiokohoa. Kinywaji kinaingia njia ya hewa kimya kimya, mtu anatabasamu, anasema asante, na wiki inayofuata yuko hospitali na nimonia.

"Nia yako ni njema, sina shaka," alisema Daktari Brashear. "Lakini mapafu hayaulizi nia. Tutampiga eksirei ya kumeza. Picha ikikataa, utakwenda wewe mwenyewe kumwambia. Hutamtuma muuguzi."

Rainey alitoka pale. Alisali njia nzima, na sala yake haikuwa fupi.

Siku ya eksirei walimkalisha Bi Verlene wima mbele ya mashine, wakampa kijiko cha kinywaji chepesi kilichotiwa dawa ionekanayo kwenye picha. Rainey alisimama nyuma ya kioo na mwalimu wake. Kwenye skrini aliona kile kivuli cheusi kikishuka, kikafika njia panda, na badala ya kwenda kunakostahili kikapinda na kuteremka kwenye njia ya hewa. Bi Verlene hakukohoa. Hata kope hakupepesa. Alikaa tu, mtulivu, anasubiri kijiko kingine.

Mungu wangu, Rainey aliwaza, ningemuua kwa mapenzi. Aibu ilimwingia, na hofu, na juu ya yote shukrani kwa yule mwanamke mkali aliyesimama ubavuni pake.

Wakazidisha uzito kidogo. Bado kikateleza. Wakakifanya kizito kama asali. Kikapita njia yake, lakini masalio yakabaki kooni. Daktari Brashear akabonyeza kitufe, akasema kwa kipaza sauti, "Bi Verlene, inamisha kidevu, kiguse kifua. Haya, meza. Meza tena." Kivuli kikashuka chote. Koo likabaki safi. Mkate mkavu ulikatazwa palepale, lakini kipande kidogo kilicholoweshwa kwenye kile kinywaji kizito mpaka kikalegea kabisa, nacho kilipita salama. Rainey alitaka kuruka, mwalimu akamfinya kiwiko cha mkono, maana hospitali si uwanja wa mpira. Lakini na yeye alikuwa anacheka.

Mnadhani yameisha? Bado Ndugu Hoyt Gandy.

Huyu alikuwa mdogo wake Bi Verlene, mfuga ng'ombe, na mzee wa kanisa. Kanisa lao hawaongezi wala hawapunguzi neno la Maandiko: kinanda hakuna, kwa kuwa hawakukisoma kwenye Agano Jipya. Aliposikia uzao wa mzabibu unatiwa unga, alivaa kofia yake akaja mpaka chuoni, maabara ambamo Rainey alikuwa anapima juisi. Akalichukua kopo, akalisogeza mbali na macho, akasoma maandishi yote ya pembeni bila haraka.

"Humu mna chachu?"

"Hamna, Ndugu Gandy. Ni wanga wa mahindi."

Mzee akaguna. Akasema Bwana aliagiza kunyweni, na hii kwa jinsi anavyoiona itabidi itafunwe. Rainey alihisi ahadi yake inamponyoka mikononi. Hapo Daktari Brashear, ambaye, kwa kuwa ni mwanamke, kanisani kwao hasimami kuwafundisha wazee, hakumfundisha mzee. Alimmiminia juisi ile nzito kwenye kikombe, akakisukuma mbele yake, akaendelea kufuta meza.

Hoyt alikunywa. Uso ulimkunjamana kuanzia paji la uso mpaka kidevuni. Alijitahidi, akameza, akakaa na kile kikombe mkononi muda mrefu kuliko alivyohitaji.

"Kahawa yake pia huwa hivi?"

"Kahawa, maji, supu," alisema Daktari Brashear. "Kila siku tangu baridi."

Mzee akavua kofia. Alisema yeye huwa anamtania dada yake kila anaposukuma kikombe, anamwita mama mchagua vyakula. Alisema hakujua. Halafu akajipangusa pua kwa leso, akamgeukia Rainey kana kwamba wamegombana.

"Na changu Jumapili kiwe hivyo hivyo. Hatakunywa peke yake."

Jumapili ya Marejeo kanisa lilifurika. Nje meza zilishapangwa, kuku wa kukaanga, maharage, keki maboksi kwa maboksi, na kila mlango ulipofunguliwa harufu iliwajaribu watakatifu. Bi Verlene alikaa kwenye kiti chake mwisho wa benchi, amevaa gauni la rangi ya zambarau na nywele zimetengenezwa mpaka hazisogei. Rainey alikuwa kulia kwake, Hoyt nyuma ya sinia pamoja na wanaume waliolipitisha, Daktari Brashear benchi la nyuma yao. Kikombe cha Hoyt kilikorogwa kabla ya ibada. Cha Bi Verlene, Rainey alikikoroga dakika ya mwisho kabisa, kwa sababu unga ule haujui kusubiri. Ukiachwa unazidi kukaza.

Mkate ukaja, ule uliolegezwa. Kidevu kifuani. Akameza, akameza tena. Kikombe kikaja. Alikishika mwenyewe, akakataa kusaidiwa. Kidevu kifuani. Akameza. Akameza tena.

Na hapo ndipo Rainey alipokumbuka jambo ambalo katika maandalizi yote hayo hakuliwaza. Mgonjwa akishameza, sharti umsikie sauti. Sauti kavu, amepona. Sauti yenye maji, inayogugumia, kuna kitu kimekaa juu ya nyuzi za sauti na kinaweza kuteremka wakati wowote. Chumbani ni jambo jepesi. Lakini wakati wa Meza ya Bwana, kanisani kwao, hata mtoto mchanga huzibwa mdomo. Na mwanamke kupaza sauti peke yake ndani ya ibada, hilo halijawahi kuonekana. Rainey akageuka kumtazama mwalimu wake. Daktari Brashear alimwinamia akanong'ona, "Yeye ni mgonjwa wako. Fanya kazi yako."

"Bi Verlene," Rainey alinong'ona, "niambie aaa."

Bi Verlene akatoa macho. Hapa?

"Kidogo tu, mama. Nakuomba."

Lakini kiharusi kilikuwa kimemnyang'anya Bi Verlene ile sauti ya kidogo tu. Alikuwa na moja, ndiyo hiyo hiyo. Alifungua mdomo, akaitoa ndefu, imenyooka, ikajaa nyumba nzima.

"Aaaaaaa."

Sasa, kanisa lisilo na kinanda lina desturi yake. Kiongozi wa nyimbo hutoa sauti moja ya kuanzia, na watu huidaka, kila mtu akaenda mahali pake. Watu wale wamelelewa hivyo tangu matumboni mwa mama zao. Kabla hajawaza mtu, besi za nyuma ziliingia chini ya ile sauti, akina mama wakakaa katikati, vijana wakapanda juu, na kanisa zima likawa limesimama kwenye sauti moja nzuri ajabu, wala hakuna aliyejua wanaimba wimbo gani. Kiongozi wa nyimbo, masikio yamemwiva, akafunua kitabu haraka haraka akatafuta wimbo unaoanzia hapo, akaupata. Wakaimba.

Hoyt alisimama na kikombe chake kimeinamishwa mdomoni, anasubiri juisi iliyokwisha kukaza iteremke, mabega yanamcheza kwa kicheko na machozi yanamtoka.

Rainey peke yake hakuimba. Alikuwa ameinama, sikio karibu na mdomo wa Bi Verlene, anasikiliza ile sauti iliyoachwa nyuma na wenzake kwa neno zima, inakokota, inafika. Alisikiliza ubeti wa kwanza wote.

"Vipi?" Daktari Brashear aliuliza.

"Kavu," Rainey alisema, na akalia palepale mbele ya watu bila kujificha.

Bi Verlene alimaliza ubeti wake, wa mwisho kanisa zima, akamvuta Rainey kwa mkono.

"Nilianzia juu mno," alisema. "Jumapili ijayo nitashusha."