Asipande Ngazi

Jumatatu ya kwanza ya Oktoba Marguerite, anayetusimamia kwenye kituo cha mchana cha watu wenye ulemavu, alibandika ratiba ya majira ya kupukutika kwa majani, na Idella Crouse, ambaye hajui kusoma, akanivuta mkono wa shati nimsomee. Nikamsomea kwa sauti. Leo, kukata majani ya karatasi. Kesho, faili na mikutano ya mtu mmoja mmoja. Jumatano, kuchonga maboga. Alhamisi, kuchuma matufaha kwa Bwana Ostrander.

"Hiyo ya mwisho irudie."

Nikairudia.

"Mwaka huu napanda ngazi," akasema Idella.

Mwenzetu Rocco Delmonte, aliyekuwa na gundi mpaka kwenye nyusi, akacheka hadi mkasi ukamdondoka. "Wewe? Hata stuli hukanyagi, bibi wewe! Juzi umeomba kutundika pambo la mlangoni, ukaambiwa keti."

"Niliambiwa. Sikuomba kuambiwa."

"Utaanguka puu kama boga."

"Nikianguka nitakuangukia wewe, nitapata godoro."

Idella ana miaka sitini na sita, mfupi, mpana, miguu imara kuliko ya dereva wetu. Lakini kila asubuhi hushushwa kwenye basi kwa lifti ya viti vya magurudumu, amesimama wima kama sanduku la posta, kwa sababu faili lake linasema asikanyage mahali pa juu. Nyumba anayoishi wamempa chumba cha chini, kinachotazama mapipa ya taka. Ameishi hivyo miaka mingi. Siku ile alisema imetosha.

Mimi ni Orrin Vandermark. Natembea kwa magongo mawili na ulimi wangu huchelewa, kwa hiyo watu hunimalizia sentensi kabla sijafika, na karibu wote humalizia vibaya. Kusoma nilijifunza mwenyewe, kwa karatasi za makopo ya jikoni kwenye Nyumba Kubwa. Ndivyo tulivyoliita lile jengo la serikali la mlimani walikotufungia, mimi nikiwa na miaka minne, Idella sita. Baadaye walilifunga, wakatutoa, wakapeana mikono mbele ya kamera. Wao walimaliza. Mimi sijamaliza. Nimeandika barua kwa kila ofisi yenye sanduku la barua, na wengine wakiona mwandiko wangu kwenye bahasha huenda kwanza kutafuta kahawa.

Kituo hiki cha mchana si kibaya, naandika hivyo hata mimi. Kuna joto, kuna kahawa, hakuna anayepigwa, na Marguerite hubisha hodi kabla ya kuingia msalani. Ukitoka nilikotoka, mlango unaobishwa hodi unakutosha kwa mwaka mzima. Lakini yapo mambo. Tulikuwa tunakata majani ya karatasi nyekundu huku dirishani mti mzima wa majani mekundu unajimwaga bure. Nilisema hivyo. Marguerite akatazama dirisha, akatazama karatasi, akasema, "Haya, Orrin, chukua reki." Tukatoka wote tukakusanya majani ya kweli, Rocco akajizika ndani yake mara nne, na asubuhi ikawa nzuri. Huo ndio ubaya wa Marguerite. Ukijiandaa kupigana naye, anakupa reki.

Lile la matufaha ndilo lililonikaa rohoni kuliko yote. Kila mwaka tunaenda kwa Dale Ostrander, mwenye shamba, mtu mwema, na kila mwaka Ostrander anaamka mapema, anachuma matufaha mwenyewe, anayaosha, anayapanga kwenye nyasi chini ya mti. Tukifika anapiga makofi. "Haya, chumeni!" Na sisi watu wazima, wengine na mvi, tunainama kuokota kilichokwisha kuchumwa, halafu tunapigwa picha. Familia nyingine zilizokuja siku hiyo zinapanda ngazi na kunyofoa hovyo, tunda na kijiti chake na chipukizi la mwaka kesho, na hakuna anayewaoshea kitu.

Idella huyatazama yale mavunjiko kama mtu anayetazama mtoto akipigwa. Kwa sababu Idella anajua. Nyumba Kubwa ilikuwa na shamba lake la matufaha, na sisi ndio tuliokuwa mikono ya shamba hilo, bure. Mimi nilikaa chini kuchambua: yaliyogongwa huku, mazima kule. Idella alikuwa juu. Hakuna mwanamume wala mwanamke aliyechuma kama yeye. Aliweka tunda kiganjani, akaliinua na kulizungusha kidogo kana kwamba analiambia siri, na tunda likaja lenyewe na kikonyo chake, tawi lisitikisike. Halafu vuli ile ya mwaka 1973 wakamshusha, wakamtia chumba cha kufulia, na hakupanda tena.

Jumanne tuliomba faili lake. Ni haki yake, na mimi najua kifungu chenyewe cha sheria kwa namba. Marguerite akalileta bila kununa, akaketi nasi. Idella akanisukumia. "Soma panaponikataza."

Ukurasa wa mwaka huu: *Asipande ngazi, vidato, viti, stuli wala mahali popote pa juu. Historia ya kuanguka.* Nikarudi nyuma miaka kumi: *Asipande ngazi, viti wala stuli.* Nyuma zaidi, viti havipo. Nyuma kabisa, kwenye karatasi ya manjano iliyopigwa chapa kwa mashine ya zamani: *Oktoba 1973. Msichana Crouse ameanguka kutoka kwenye ngazi shambani. Msimamizi Fitch ameumia mfupa wa mtulinga akimdaka. Asipande ngazi.* Sentensi moja. Kila mwaka mtu mpya aliinakili, na kila aliyenakili aliongeza kidogo kwa usalama wake, mpaka ikafika kwenye lifti ya basi.

Nikawaka. "Uongo!" nikasema, na nikisema kwa hasira ulimi hukwama zaidi. "Nilikuwepo. Nilikuwa chini ya mti uleule. Fitch alikuwa amekunywa pombe ya matufaha tangu asubuhi, akapanda ngazi kuonyesha watu namna ya kuchuma, akaanguka yeye. Mgongo kwanza. Hakumdaka mtu. Angedaka nini, alikuwa hawezi kudaka kofia yake!"

Marguerite akaweka kalamu chini. "Orrin, nakuamini. Lakini siwezi kufuta kilichoandikwa kwa sababu ya kumbukumbu yako."

"Kiliandikwa kwa sababu ya kumbukumbu ya mlevi."

Nikaona nimempata, nikaendelea. Nikamkumbusha vifungu. Nikamkumbusha 1973, na barua yangu ya 1991 ambayo haijajibiwa. Nikasema kikao cha kubadilisha mpango wake wa matunzo kikisubiriwa mpaka Novemba, matufaha yatakuwa yameisha na Idella atakuwa na sitini na saba. Nilizungumza kama dakika kumi, kwa mwendo wangu. Ilikuwa hotuba safi. Nilikuwa naiandaa miaka arobaini na sita.

Marguerite akangoja nimalize, hakunimalizia hata neno moja, halafu akageuza kiti chake.

"Idella, wewe ulianguka?"

"Nani, mimi?" Idella akashangaa kama aliyeulizwa kama ana mkia. "Fitch ndiye aliyeanguka. Mimi nilicheka."

"Ulicheka."

"Alianguka na suruali ikabaki kwenye tawi! Nani asicheke? Nilicheka mpaka nikashika mti. Akaniambia, wewe, hutapanda tena ngazi maisha yako. Kwa sababu ya kucheka."

Mimi nilikuwa chini ya mti ule. Niliyakumbuka makreti, na jina la mti, na rangi ya ile suruali. Kicheko sikukikumbuka. Na katika miaka yote niliyombebea kesi yake kwenye bahasha, nikiwa nayajua yote, sikuwahi kumuuliza mwenyewe swali hilo dogo. Marguerite aliuliza kwa maneno matatu.

"Mbona hukuniambia?" nikamuuliza.

"Wewe huwa unaongea, Orrin," akasema Idella, bila ubaya wowote.

Marguerite akafanya alichoweza. Alimpeleka Idella kwa mtaalamu wa mazoezi wa jengo la pili, akapandishwa na kushushwa ngazi za ghorofa mpaka mtaalamu mwenyewe akahema. Akampigia daktari. Akaandika ruhusa ya siku moja: Alhamisi, ngazi ya shambani, watu wawili wameshika, mwisho kipago cha tatu. Idella akatia sahihi yake, herufi mbili, kubwa kama mlango.

"Vipago vitatu tu?" nikasema.

"Orrin," Marguerite akasema, "chukua ushindi ukae nao."

Alhamisi kulikuwa na jua baridi, shamba linanuka matunda yaliyolala. Ostrander alikuwa ameshapanga yake kwenye nyasi, yameoshwa, yanang'aa. Akapiga makofi. "Haya, chumeni!"

Wenzetu wakainama. Idella akayaruka, moja baada ya jingine, kama anayevuka kijito. "Ngazi iko wapi?"

Ostrander akamtazama Marguerite. Marguerite akasema, "Muulizwa ni wewe, Dale."

"Ngazi... bibi, hizi za matufaha zina miguu mitatu, zinayumba, zinahitaji mtu aliyezoea..."

"Mguu wa tatu unaenda upande wa kilima," Idella akasema. "Wewe umeuweka upande wa bonde. Ndiyo maana inayumba."

Ostrander akaitazama ngazi yake iliyosimama chini ya mti. Akakuna shingo. Kisha akaenda akaigeuza. Idella akaisogeza tena kiganja kimoja, akaitikisa, akapanda kwa miguu yote miwili kwenye kipago cha kwanza na kurukaruka juu yake hadi miguu ya ngazi ikazama kwenye udongo laini. Akashuka. Akanyoosha mikono ili avalishwe ule mfuko wa kifuani wa kuchumia. Ostrander akamvalisha mwenyewe, kama anayemvalisha padri.

Rocco alishika upande mmoja, Ostrander mwingine. Rocco akikushika mkono, haurudi mpaka apende. Alikuwa ameshaacha kucheka. "Bibi, polepole, eh? Mimi si godoro kweli."

"Nyamaza ushike."

Kipago cha kwanza. Cha pili. Cha tatu. Niliyoyaombea miaka yote hii, nikiyaona mbele ya macho, nilitaka ashuke. Nawaambia ukweli. Nilielewa kwa mara ya kwanza wale wote walioongeza neno moja kwenye lile faili, na sikupenda kuelewa.

Idella akanyoosha mkono. Akaweka tunda kiganjani. Miaka arobaini na sita. Mkono haukufikiria hata kidogo: ukainua, ukazungusha, na tunda likaja na kikonyo chake, tawi kimya. La pili. La tatu. Akaanza kuchuma kwa mikono yote miwili, huku na huku, haraka kuliko macho, na mfuko ukaanza kushuka tumboni mwake.

Familia iliyokuwa mti wa jirani ikaacha kunyofoa ikatazama. "Mnavunja ya mwaka kesho," Idella akawaambia bila kugeuka. "Inua kwanza. Halafu zungusha. Usivute, si meno." Baba wa ile familia akajaribu. Likaja. Akasema asante, mama, na akawa anasema kweli.

Halafu Idella akatazama juu, yalikokuwa mekundu zaidi, na kuinua mguu.

"Idella!" Marguerite akaita. "Tulikubaliana cha tatu!"

"Hiki ndicho cha tatu ninachoenda."

"Uko cha tatu sasa hivi!"

"Cha kwanza kimezama ardhini," Idella akasema. "Hakihesabiwi."

Marguerite akainama, akatazama. Kipago cha kwanza kilikuwa kweli kimegusa nyasi. Akanitazama mimi, na mimi, mwenye kifungu kwa kila jambo, kwa mara ya kwanza maishani sikuongeza neno. Ostrander akaanza kucheka, mabega yakamtikisika, na Rocco akamfokea: "Usicheke, we mzee, unatikisa ngazi!"

"Haya," Marguerite akasema. "Kipago cha kwanza hakihesabiwi. Lakini hapo ndio mwisho."

Alipanda. Kichwa chake kikapotea kwenye majani na sauti ikawa inatoka mtini. Mfuko ulipojaa alishuka, akauinamisha juu ya kreti, akafungua kamba za chini, na matufaha yakatoka taratibu kama maji, hakuna lililogonga jingine. Akapanda tena. Akashuka. Akapanda. Kreti la pili. Nilikuwa nimeleta maneno ya kumwambia Ostrander kuhusu yale yaliyooshwa, maneno mazuri, makali, nikayatafuta sikuyapata. Nikaketi kwenye gogo nikala tufaha moja. Lilikuwa na ukali kidogo karibu na ganda, halafu tamu. Nikala la pili.

Saa nane dereva akapiga honi. Idella hakushuka. Dereva akaja kwa miguu kuuliza kulikoni, na Rocco, ambaye mikono ilikuwa imekufa ganzi, akamkabidhi upande wake wa ngazi bila kumuuliza.

"Bado nini?" dereva akauliza, ameshika, anatazama viatu vya Idella juu ya kichwa chake.

"Upande wa pili wa mti," Idella akasema kutoka majanini. "Sogezeni ngazi. Mguu wa tatu uende kilimani."

Marguerite akatazama saa, akapiga simu kituoni kusema tutachelewa. Waliuliza sababu. Akafikiri kidogo.

"Kazi haijaisha," akasema.