Dakika Kumi na Moja za Usingizi

Nina wivu, sikatai. Lakini kabla hujanihukumu, ujue kwamba mume wangu alikuwa na miaka sita hapati usingizi wa maana, na miaka yote hiyo mhangaikaji nilikuwa mimi. Nina duka la dawa. Watu wananijia macho mekundu, nawapa kitu, kesho wanarudi kunishukuru. Wangu wa ndani ndiye aliyenishinda. Nimebadilisha godoro, mapazia, hata balbu. Nimemkanda miguu mpaka vidole vikafa ganzi. Kila baada ya muda namwinamia namuuliza kama amelala, naye ananijibu, "Bado." Nilichokuwa nakitaka duniani ni kimoja tu: siku atakayopata usingizi, aupate mikononi mwangu.

Basi hospitali wakatangaza kwamba watafiti wanahitaji watu waliokosa usingizi kwa muda mrefu, wawapige picha za ubongo na kuwalinganisha na wanaolala vizuri. Mume wangu ni mwalimu wa hesabu. Akisikia neno utafiti tu keshavaa viatu. Saa nne asubuhi tulikuwa mlangoni pa chumba cha mashine.

Mpiga picha alikuwa binti mmoja mwenye sauti laini kupita kiasi. "Baba, humu hatuingii na chuma," akasema, akamvua saa, akapokea mkanda, mwisho akamchomoa pete ya ndoa na kuniwekea kiganjani bila hata kunitazama. Kijiba cha roho kilinianza hapo hapo.

"Kazi yako ni ndogo, baba. Utaona alama ya kujumlisha mbele ya macho. Itazame, tulia, usilale. Ukilala picha inaharibika, maana tunataka kuona ubongo ukiwa macho."

Mume wangu akacheka. "Mwanangu, kwa kutolala umempata mwenyewe."

Binti akamziba masikio, akamwingiza kwenye mashine. Mimi nikapewa kiti nyuma ya kioo. Mashine ikaanza kugonga na kukereza, utadhani mafundi watatu wanatoboa ukuta mmoja. Nikajisemea, huyu leo atatoka na kichwa kinamuuma.

Binti akakisogelea kipaza sauti. "Baba, uko macho?"

Kwenye kompyuta kulikuwa na picha ya jicho lake. Lilikuwa limefumba.

"Baba, usilale. Tafadhali, usilale."

Mashine ilipotulia kidogo, spika ikatuletea mkoromo.

Najua, nilitakiwa nifurahi. Mke mwema angefurahi. Mimi nilitaka kuvunja kile kioo. Miaka sita nambembeleza alale, hataki. Mtoto wa watu anamwambia asilale, mzee kalala fofofo!

"Umempa dawa gani?" nikauliza.

"Hatujampa kitu, mama." Alikuwa anaandika, amenuna. "Dakika kumi na moja amelala. Picha yote imeharibika. Itabidi arudi Alhamisi."

"Arudi kwako?"

"Arudi kwenye mashine, mama."

Tulipotoka getini mume wangu alikuwa anapiga mluzi. Uso umemnawiri, hata mwendo umebadilika. Nikavumilia mpaka tulipofika kwenye taa za barabarani.

"Ana sauti nzuri, eti?"

"Nani?"

"Usijitie hamnazo."

Akanitazama, akaangua kicheko. "Yule binti? Nikiwa kwenye mashine sikusikia hata neno lake moja."

"Sasa ulilazwa na nini? Yale makelele?"

Jibu lake halitoki mpaka alihakiki kwanza. Taa zikaturuhusu kuvuka, hatukuvuka.

"Mle ndani hakukuwa na mtu anayesubiri nilale," akasema. "Nyumbani nikifumba macho najua unasikiliza ninavyopumua. Najiona niko kwenye mtihani, msimamizi kasimama mgongoni. Na nikikuambia bado, nasikia unavyovunjika moyo. Nisamehe, mama watoto. Sikujua nikuambieje."

Tangu asubuhi nilikuwa natafuta mwanamke wa kumlaumu, na sasa nilikuwa nimempata: mimi mwenyewe.

Tukala mchana bila maneno mengi. Alipomaliza akasema anakwenda kujinyoosha kidogo. Miguu yangu ikamfuata kwa mazoea, nikaisimamisha kizingitini. Nikamfungia mlango, nikakaa kwenye ukumbi na nguo za kukunja.

Sijafika shati la tatu, nikamsikia anakoroma.

Nikainuka, nikashika kitasa. Nilitaka kumwona. Yule binti alimwona, tena kwenye kompyuta, jicho kwa jicho, wala hakujali. Mimi mkewe niliyeungoja usingizi huo miaka sita, hata mara moja? Nilikuwa nikijua kabisa kwamba nikifungua tu, ataamka.

Nikakiachia kitasa. Nikachukua mkoba na viatu mkononi, nikatoka peku mpaka nje, nikarudi dukani kwangu. Njia nzima niliuonea wivu ule usingizi, maana wenyewe ulikuwa umebaki naye chumbani.