Kizibo cha Mwisho wa Waya

Mvua ilimkuta Cirhuza katikati ya ngazi za nje, disketi ziko kifuani chini ya koti, ndani ya mfuko wa plastiki. Hakuharakisha. Anayekimbia kwenye miteremko ya Ibanda, hapa Bukavu, wakati wa mvua ni mgeni. Yeye alizeekea hapo, akipanda na kushuka kati ya ofisi ya hesabu kule juu na chumba cha mashine huku chini karibu na ziwa, akibeba hesabu za kampuni ya chai ndani ya disketi. Na leo, jamani, alikuwa na furaha.

Mwezi uliopita fundi Anaclet alileta waya mweusi, akauita Ethernet, akasema mashine zote zitasemezana zenyewe. Nani alitoboa kuta? Nani alishika ngazi? Cirhuza huyo huyo. Mwiba wa kujichoma hauambiwi pole. Waya ulipoanza kazi, kengele ya kumwita ikanyamaza, na mkurugenzi akamwambia mwisho wa mwezi aende nyumbani. Kisha ikaja salongo ya Jumamosi, kazi ya pamoja ya lazima, wafanyakazi wote wakafagia na kupaka sakafu nta. Leo Jumatatu, rezo nzima, mtandao wote wa waya ule, ilikuwa imekufa.

"Citoyen Cirhuza," mkurugenzi alimwambia asubuhi, "afadhali miguu yako. Hii waya ikikataa kupona, utabakia."

Sasa Cirhuza alipoingia chumba cha mashine, Anaclet alikuwa amepiga magoti nyuma ya meza ya mwisho. Maman Euphrasie, mfagiaji, alisimama ukutani akilia bila sauti.

"Bouchon iko wapi?" Anaclet alimuuliza. "Kale kachuma kadogo kwa mwisho ya waya. Kakitoka, rezo yote inakufa. Ni wewe unafagiaka humu."

"Sikukaona, tonton. Mungu anajua."

"Mukurugenzi anasema umeiba. Utoke leo."

Cirhuza alipeleka mkono mfukoni. Siku ya salongo, pale pale, aliona kichuma kimekaa mwisho wa waya, hakikuungwa na kitu. Akadhani ni kifuniko mafundi walichosahau kutoa. Hakupenda kitu kikae ovyo: alikizungusha kikatoka, akakifuta nta, akakitia mfukoni ili amrudishie fundi. Akasahau. Kilikuwa bado humo, pamoja na rozari yake.

Angenyamaza tu. Kingine kama hicho kingetafutwa Bukavu nzima kisipatikane, na yeye angeendelea na ngazi zake. Euphrasie angekwenda na watoto wake. Aliona aibu kuwaza hivyo, kisha akawaza tena.

"Maman, usilie," alisema mwishowe, akanyoosha kiganja. "Niko nayo miye. Nilifikiri haina kazi."

Anaclet alijua kwamba kizibo hicho kinamaliza kazi ya mzee huyu, kwa hiyo hakumgombeza. Alichukua kizibo, akakifunga mahali pake. Kioo cha mashine moja kikaamka, kisha cha pili, na simu ikalia kutoka juu: hesabu zimefika.

"Na wewe sasa, papa?" Euphrasie aliuliza.

Cirhuza alizitoa disketi kifuani. Zilikuwa kavu kabisa. Aliziweka mezani na kungoja, lakini hakuna aliyenyoosha mkono kuzichukua. Basi akaukung'uta maji ule mfuko wa plastiki, akaukunja vizuri mara mbili, na kuutia mfukoni, pale kilipokuwa kizibo.