Maji Baridi

Hamdan, shemeji yangu, ana kisa anachokipenda kuliko vyote, nacho ni cha hodhi langu la samaki. Hukisimulia arusini, hukisimulia hata matangani watu wakishakula, na kila akikisimulia watu hushika mbavu. Mimi hapo hujifanya naangalia simu, au huinuka kwenda kunawa mikono ambayo si michafu. Hamdan anajua nusu ya kisa. Nusu ya pili naijua mimi, mama yangu na mwanamke mmoja wa Kikenya, na hiyo ni aibu tupu.

Hodhi nililianza mwaka 2002, nyumbani kwetu Hail, hapa Maskati, baada ya kuliona moja kwa rafiki yangu Dubai. Kioo cha lita mia nne, sebuleni, mahali ambapo Nunu, mke wangu, alikuwa amepanga kuweka kabati la vyombo. Kwanza unatia mchanga, kisha mawe ya baharini yenye vijidudu hai ndani yake, kisha maji ya chumvi, halafu unangoja. Wiki sita unangoja, samaki hata mmoja hamna, mpaka maji yakomae. Nunu alikuwa akileta wageni makusudi waje waone. "Njooni mumtazame mume wangu," akisema, "wenzake wanafuga ngamia, yeye anafuga mawe."

Lakini samaki wakaja, na matumbawe yakaja. Mwaka wa pili hata Nunu aliacha kucheka. Asubuhi taa zikiwaka, matumbawe laini yalifunguka polepole, na kamba mmoja mwekundu mwenye mstari mweupe mgongoni alitoka pangoni kuwasafisha samaki midomo, nao wakimngojea kwa zamu. Mama yangu, Bi Shaikha, alikihamishia kiti chake hapo, akawa anavuta tasbihi mbele ya kioo. Mimi nilikuwa nikitoka ofisini Al Khuwair saa nane na nusu, nakaa foleni barabarani, na kichwani nafikiria chumvi tu. Maana hodhi la bahari kazi yake kubwa ni chumvi. Kwa joto la Julai maji hukauka lita nyingi kwa siku, lakini chumvi haikauki, inabaki. Kwa hiyo unachorudishia kila siku ni maji yasiyo na chumvi. Ukikosea hapo, umewaua wote.

Nilikuwa na viburi viwili. Kimoja hodhi, cha pili Kiswahili changu. Nimezaliwa Pangani, mama yangu ni wa Unguja, na nilijiona kama niliyekabidhiwa lugha hii niilinde. Aliyeumia kwa kiburi hicho alikuwa Hannah.

Hannah alikuwa Mkenya wa Nyahururu, mpokea wageni katika zahanati ya meno, na alikuwa amepanga chumba chetu cha uani, kile tunachokiita mulhaq. Mpangaji mtulivu, anaamkia watu, Ijumaa anakwenda kanisani kwake Ghala na kurudi. Alikuwa na binti, Ivy, wa miaka tisa, aliyebaki kwa bibi yake, na walikuwa hawajaonana miaka miwili. Mwaka huo, 2004, alihangaika mpaka akampatia viza, aje likizo ya Agosti. Alikuja kuniomba ruhusa ya kumweka chumbani. Nikamwambia, "Karibu Ivy, nyumba yenu hii." Akanunua godoro dogo la maua, akaliegemeza ukutani likiwa bado na nailoni yake, likimngojea mwenyewe.

Kila alipofungua mdomo mimi nilimsahihisha. Akisema "hii maji", nasema, "Haya maji, bibie. Haya!" Akisema "akuje", nauliza, "Nani huyo Akuje, namjua?" Mwanzo alicheka pamoja nasi. Baadaye akawa anazungumza nami kwa maneno machache machache, nami nikadhani ni heshima.

Mwisho wa Julai ilitulazimu kumpeleka mama Bangkok kufanyiwa upasuaji wa goti, siku kumi na mbili. Nani aangalie hodhi? Hannah mwenyewe alijitolea. Nikamchukua sebuleni, nikampa darasa la saa nzima: taa, pampu, chakula kidogo tu, mashine ya kupozea maji isizimwe kabisa kwa sababu joto ndilo adui mkubwa wa matumbawe. Nikamwambia maji ya bomba yana dawa, ni sumu kwa samaki, asiyaguse. Kisha nikamwonyesha alama niliyoichora kwenye kioo.

"Maji yakishuka chini ya mstari huu," nikasema, "unatia maji baridi mpaka yafike hapa. Kila siku. Kila kitu kimo stoo."

Hannah, aliyezoea kuniita kwa jina la mwanangu, aliutazama ule mstari. "Maji baridi, Baba Saud? Baridi kabisa?"

Nilicheka. Nilimwita Nunu atoke jikoni aje asikie. "Ati ananiuliza baridi kabisa! Ewe Hannah, maji baridi ni maji baridi. Hata hilo Kenya hamna?"

Nunu alitabasamu kidogo akarudi zake. Hannah akasema, "Sawa, nimeelewa," na hakuuliza tena.

Kutoka Bangkok nilipiga simu karibu kila siku. Siku ya sita aliniambia samaki wamepoa, wanalala chini, na matumbawe hayafunguki.

"Unatia maji baridi?"

"Natia, Baba Saud. Hata jana nimetia mara mbili."

"Basi usiache. Pengine joto. Ongeza maji baridi."

"Sawa. Nitaongeza."

Nilikata simu nikamwambia Nunu kwamba huyu binti, Kiswahili chake kibovu, lakini kazi anaifanya.

Tulirudi Jumatatu mchana, Hamdan ndiye aliyetupokea uwanja wa ndege. Nilipofungua mlango wa nyumba harufu ilinipiga kabla sijavua viatu. Matumbawe yalikuwa meupe kama chaki. Samaki walikuwa wamelala mchangani, wengine wameshaanza kuoza, na yule kamba sikumwona kabisa. Nilichukua kipimo cha chumvi, nikakitumbukiza, na mshale ukapita mwisho wa namba.

Hannah alikuja mbio kutoka uani, bado na sare ya kazi, macho yamevimba. "Baba Saud, pole sana. Nilifanya vile ulisema. Kila siku."

"Nilikwambia uwatilie chumvi?"

"Nilifanya vile ulisema," akarudia.

Mama alikuwa kwenye kiti cha magurudumu, Nunu ameshika masanduku, Hamdan amesimama mlangoni. Nami nikapiga kelele mbele yao wote. "Umewaua makusudi! Umewaua kwa sababu nnakucheka Kiswahili chako!"

Neno hilo lilinitoka lenyewe, na mpaka leo linanichoma. Kumbe nilikuwa najua. Muda wote ule nilijua kwamba namuumiza.

"Alkhamisi chumba kiwe kitupu," nikasema. "Khalas."

"Baba Saud, Ivy anafika Jumapili."

"Akuje kwengine," nikamjibu, nikiliiga neno lake na sauti yake.

Hakuna aliyecheka. Hannah aliondoka, nikasikia mlango wa mulhaq ukifungwa taratibu kabisa.

Siku ya pili, Jumanne, niliomba ruhusa kazini nikabaki nyumbani kulisafisha hodhi. Kutoa maji yaliyooza ndoo kwa ndoo ni kazi ya kuvunja mgongo, na Agosti ya Maskati huijui kama hujaibeba. Adhuhuri nilikuwa nimekauka koo. Nikaingia jikoni, nikafungua friji. Chini kabisa, nyuma ya sufuria, zilikuwa zimepangwa chupa nane za maji, baridi mpaka zinatoka jasho. Nikachukua moja, nikaipiga mafunda matatu bila ya kupumua.

Ilikuwa chumvi. Nilitema kwenye sinki, nikatapika na vya asubuhi.

Nilibaki nimeinamia sinki, na huku nimeinama nikaelewa. Kwetu pwani maji baridi ni maji ya kisima, maji ya mto, maji yasiyo na chumvi, hata yawe yamechemka juani. Kwao Nyahururu maji baridi ni maji ya baridi, basi. Nilimwambia joto ndilo adui, nikamwambia maji ya bomba ni sumu, nikamwambia atie maji baridi. Akafikiri kama mtu mwenye akili timamu: hawa ni samaki wa bahari, wanataka maji yao ya bahari, tena ya baridi. Akaenda stoo, akaliacha pipa la maji yaliyochujwa, akachota kwenye lile la buluu nilimochanganya maji ya chumvi, akayajaza katika chupa, akayapoza kwenye friji, na kila siku kabla ya kazi na baada ya kazi akawanywesha chumvi juu ya chumvi. Nilipompigia simu nikamwambia aongeze, akaongeza. Aliuliza mara moja kama ni baridi kabisa, na jibu alilopata ni kicheko.

Sasa ndiyo nusu asiyoijua Hamdan.

Mtu mwenye uso angetoka jikoni pale pale, akavuka uwanja, akagonga mlango wa mulhaq. Hatua ishirini. Mimi nilizimwaga zile chupa kwenye sinki, moja baada ya moja, sikio liko mlangoni nisikie kama Nunu anakuja. Nikazisuuza, nikazificha ndani ya mfuko wa taka, nikautoa mfuko mimi mwenyewe. Nilijiambia nitamwambia jioni. Jioni nikasema nitamwambia kesho. Nilikuwa nimepiga kelele mbele ya mama yangu na shemeji yangu, na sikuona njia ya kuzirudisha zile kelele tumboni.

Alkhamisi, rafiki yake Maryanne alikuja na gari kumhamisha. Nilisimama nyuma ya pazia la chumba cha kulala. Walifunga lile godoro la maua juu ya gari, nailoni yake bado haijatolewa. Hannah alirudi ndani, akatoka na fagio, akafagia kizingiti cha chumba, akauweka ufunguo juu ya mashine ya kufulia. Nilikuwa na siku mbili nzima nimeshaijua kweli, nami nilisimama nyuma ya pazia.

Wiki iliyofuata nilimsimulia Hamdan kama mzaha: Mkenya kaambiwa maji baridi, kenda kuyatia kwenye friji. Alicheka mpaka akatokwa na machozi, na nikaona nafuu kidogo, Mungu anisamehe. Mama alikuwa amekaa pembeni, mguu ameunyoosha, mbele ya kioo kitupu. Hamdan alipoondoka akaniita.

"Ghanim. Hilo umelijua lini?"

Nilikuwa na miaka arubaini na nne, na nilianza kukifuta kioo kwa kiganja kama mtoto aliyevunja sahani.

"Kabla mtoto wa watu hajahama, au baadaye?"

"Kabla, mama."

Hakunigombeza. Alivuta tasbihi chembe tatu nne, kisha akasema, "Nenda," wala hakunitazama tena.

Nilikwenda Mabela, alikohamia kwa Maryanne, Ijumaa alasiri. Nyumba mpya tu zimejaa kule, barabara bado za vumbi, nikapotea mara mbili. Maryanne ndiye aliyefungua. Walikuwa wanawake wanne katika vyumba viwili, na nguo zimeanikwa mpaka ukumbini. Godoro la maua lilikuwa limesimamishwa nyuma ya mlango, nailoni yake juu. Nililiona kabla sijamwona Hannah.

Alitoka, akanisalimu kwa adabu ile ile, akanipa kiti. "Baba Saud, utakunywa maji? Baridi ama ya kawaida?"

Nilimtazama usoni nione kama ananisuta. Hakuwa ananisuta. Ndivyo anavyomuuliza kila mgeni.

"Yoyote," nikasema. Kisha nikamwambia yote kabla sijapoteza ujasiri: maana ya maji baridi kwetu, zile chupa, sinki, chumvi. Nikamwambia kosa lilikuwa langu, tangu mwanzo.

Alisikiliza amekunja mikono. "Nilikuuliza," akasema. "Siku ile. Nilikuuliza kama ni baridi kabisa, ukanicheka."

"Nilikucheka."

"Mimi nilidhani nimewaua. Nimekuwa nikiomba Mungu anisamehe, na sijui ni nini nilifanya." Akakunjua mikono. "Hizo chupa ulizionja lini?"

Ningeweza kudanganya, na nilipata muda wa kulifikiria hilo. "Jumanne."

"Jumanne." Nilimwona akihesabu. "Na mimi nilihama Alkhamisi."

"Ndiyo."

Maryanne, aliyekuwa akikunja nguo, aliingia chumbani akafunga mlango.

"Ivy hakuja," Hannah akasema. "Hapa tuko wanne, mwenye nyumba amekataa mtoto. Shule zitafunguliwa, na ile viza itaisha."

Nikaanza kusema haraka haraka. Chumba kipo, kitupu, arudi leo hii, nitaleta gari, nitakwenda mwenyewe kufuatilia viza nyingine, nawajua watu. Alinisubiri nimalize.

"Baba Saud, chumba nilikihitaji Jumapili ile," akasema, bila ya hasira yoyote, na hiyo ndiyo iliyonimaliza.

Akaenda jikoni, akarudi na gilasi juu ya sahani. Alinikaribisha kwa mikono miwili.

"Kunywa hii maji," akasema. Akasita, akainamisha macho. "Haya maji," akajisahihisha.

Nikayapokea, nikayanywa yote, na sikuweza kuinua uso.