Taji Lenye Meno

…meno, taji lina meno, miaka yote hii amehudhuria harusi za watu, amekula pilau na kupiga vigelegele, na hakuna hata mmoja aliyemwambia kwamba chini ya yale maua na vito kuna kitana, kitana kabisa, meno kumi na manne ya chuma, ameshayahesabu mara mbili, na meno hayo yanataka nywele za kuuma, nywele za mtu mwenyewe, zilizoota, na Tupokigwe nywele hizo hana, hana tangu mwaka juzi… usijidanganye, Tupo, huu ni mwaka wa tatu, kuanzia kwenye paji la uso mpaka utosini ni ngozi tupu inayong'aa kama sahani, kisogoni kimebaki kishungi ambacho hata kibanio kinaona haya kukishika, na juu ya yote hayo limekaa wigi, wigi zuri, la mawimbi, mkono wake wa kulia umelikandamiza sasa hivi na yeye hakumbuki aliupandisha saa ngapi, na mbele yake amesimama Bi Rukaiya mwenye duka, taji mkononi, anatabasamu, anangoja. "Basi tutoe hilo wigi, mwanangu, tupime," ndivyo alivyosema, kwa upole tu, kama anayesema tuvue viatu tuingie ndani, na feni ya ukutani inageuka huku, inageuka kule, na kila ikimfikia Tupokigwe anakandamiza zaidi.

"Wifi, jibu basi, mashangazi wanangoja picha," huyo ni Felicitas, dada wa mchumba wake Audax, ndiye aliyemleta hapa Tegeta asubuhi hii kwa sababu upande wa mwanamume ndio unaomvika bibi harusi, wazee walishakubaliana, shela na taji ni juu ya kina Audax, na anayevika lazima aone anachovika, simu iko mkononi kamera imeshafunguliwa, kundi la WhatsApp la ukoo lina watu themanini na tano, mashangazi wa Bukoba, binamu wa Kimara, kasisi mmoja, watu themanini na tano wanaongoja kuona kichwa… kichwa chenye taji, Tupo, chenye taji tu. "Kwani lazima litoke?" sauti imetoka, afadhali imetoka, nyembamba lakini imetoka, "si uliweke tu juu yake?" na Bi Rukaiya anacheka kidogo puani, "Mie siwekagi taji juu ya wigi, bibie, nilikuwaga naweka zamani, siku moja nikaumbuka mbele za watu, taji linataka mtu asukwe twende kilioni, msuko ulale chini, nilishonee kwenye msuko wenyewe, hapo bwana harusi akifunua veli avute atakavyovuta, halitoki, kwani nyie hamkuiona ile video?"

Video ameiona, nani hajaiona, Mwalimu Apolinari aliileta ofisini pale shuleni wanakofundisha, wakati wa chai, akaegemeza simu kwenye chupa, sekunde arobaini, bibi harusi kasimama mbele ya altare, bwana harusi anashika veli kwa mikono miwili, anaifunua, na vyote vinakuja, veli, taji, wigi, vyote, na bwana yule anabaki amevishika hewani kama mtu aliyepewa kuku na hajui amuweke wapi, na yule dada, Tupokigwe anakumbuka hili kuliko yote, yule dada hakufunika kichwa, alifunika uso, walimu wakacheka, na yeye akacheka kuwazidi, alicheka mpaka akashika meza, maana asiyecheka ndiye angetazamwa, alimcheka mwenzake wa kichwa kimoja naye, Mungu amsamehe, na usiku ule akajifungia chumbani Kimara akajaribu kuling'oa la kwake mbele ya kioo, alipanga avute mara ishirini, kupima litashikilia vipi, mara ya tatu tu lilikuja. Na mikono ya Audax je, wiki tatu kutoka leo, mbele ya altare, mikono ile ya mtunza stoo wa Mikocheni iliyozoea kubeba maboksi, Audax hawezi kufungua pakiti ya maziwa bila kuimwagia meza, atashika veli, atavuta kwa furaha, ana furaha ya kitoto yule mwanamume, atavuta…

Lakini ni mwema, hilo hakuna atakayelipinga, hata mama angekuwa hai angempenda, siku ile mvua ilipowakuta barabarani Mikocheni bila mwavuli, maji yanamwagika, wigi limelowa linaanza kuteleza kuelekea sikioni na yeye roho iko mkononi, Audax alivua koti akampa ajifunike, kisha huyo akageukia bango la mabati lililokuwa pembeni akaanza kulisoma kwa sauti, lote, geji, rangi, ofa ya bati la kijani, mpaka namba za simu, akazisoma mara mbili, na Tupokigwe chini ya koti akawa anarekebisha haraka haraka huku anacheka moyoni, mwone mjinga wangu, amenyeshewa mpaka soksi na anasoma bei ya mabati, alimpenda siku ile kuliko siku zote.

"Au tuanze na la maua?" Bi Rukaiya anasema, maana kwenye meza ya kioo yamepangwa matatu, la vito lenye meno kumi na manne, la maua meupe ya kitambaa, na kikofia kidogo chenye wavu ambacho Felicitas ameshakikataa kwamba ni cha wajane, na yote matatu Tupokigwe ameshayapindua, yote yana kitana, hakuna lililosamehe, laiti angezaliwa kwa kina Bi Rukaiya, angefungwa ushungi wa hariri kuanzia kwenye nyusi mpaka mabegani na taji likakaa juu ya hariri, nani angeuliza kuna nini chini, lakini amezaliwa Tukuyu kwa Mzee Gibson mzee wa kanisa na anaolewa Bukoba kwa watu wanaotaka picha. "La maua sawa," anasema, "ila niliweke mwenyewe, nikiwa nyumbani," na Felicitas anaangua kicheko, kicheko kizuri, hana ubaya dada wa watu, "Nyumbani kufanya nini? Wifi bwana! Kwani una mapunye huko?" na Bi Rukaiya anacheka, na Tupokigwe anacheka pia, amejizoesha, mdomo unacheka huku jasho linamteremka mgongoni mpaka kwenye mkanda wa sketi, sema kichwa kinakuuma, sema una mimba, sema lolote, simama utoke, ukitoka watauliza, ukikaa wataona, mapunye, eti mapunye, mama ndiye aliyekuwa akiwanyoa watoto wake wote kwa wembe mwezi Desemba ili wasishike mapunye, wanakaa foleni kwenye kigoda uani, ukungu haujapanda, na yeye mama kitambaa chake cha bluu kichwani, asubuhi kitambaa, kanisani kitambaa, shambani kwenye chai kitambaa, amelala na homa kitambaa, hakuna mtoto aliyewahi kuuliza, mama na kitambaa walikuwa kitu kimoja.

Mpaka siku ya kumuosha. Aibu ya maiti aijuaye mwosha, na waliomuosha walikuwa watatu, mama mkubwa, mke wa mchungaji, na yeye Tupokigwe kwa kuwa ndiye binti mkubwa, presha ilikuwa imemchukua mama alfajiri kama mtu anayezima taa, na mama mkubwa alipofungua fundo la kitambaa, kuanzia kwenye paji mpaka utosini, ngozi tupu, inang'aa, umbo lile lile, mpaka ule ukingo mdogo juu ya sikio la kushoto, na Tupokigwe ambaye mpaka siku ile alikuwa akiilaumu dawa ya nywele, na saluni ya Kimara, na rasta alizokaza mno chuoni, alisimama na kopo la maji mkononi akitazama kichwa chake mwenyewe kwenye shingo ya mama yake. Mficha maradhi, kifo humuumbua, ndivyo alivyofikiri, na ndipo baba akabisha mlango, hakuingia, alisimama nyuma ya pazia akasema, "Kile cha bluu. Mkikunje mara mbili juu ya utosi, hapo huwa anasikia baridi. Fundo liwe nyuma ya sikio, shingoni linamuumiza."

Kumbukumbu hii huwa anaikatia hapa, kila mara, kama mtu anayezima redio kabla ya taarifa za vifo, lakini leo Bi Rukaiya amesogea, ananukia udi, ameweka vidole viwili juu ya mkono wake ulioshika wigi, havuti, ameviweka tu, "Mwanangu, mie nimeona vichwa vya kila namna," anasema kwa sauti ya chini ambayo Felicitas haisikii, ameinamia simu anaandika kitu, na vidole vile ni vya moto, na kumbukumbu imepita mlango wake inaendelea, siku ya tatu baada ya mazishi, baba amekaa ukingoni mwa kitanda, kitanda chake na mama, na yeye alimuuliza, akamuuliza kwa hasira kabisa, baba ulijuaje habari ya baridi, ulijuaje? Na baba akasema, "Miaka thelathini na moja, Tupo. Kila tukilala nilikuwa nageukia ukutani, nakoroma mkoromo wa uongo, ili mama yako afungue kitambaa apumue." Na yeye akasema, mbona hukumwambia unajua? Na baba akatazama mikono yake. "Nilikuwa nangoja aniambie yeye. Nilidhani ndiyo heshima. Sikuwahi kumgusa kichwa mama yako, hata alipougua."

Hata alipougua… na mama naye kitandani macho wazi, anasikiliza mkoromo, anangoja ushike sawasawa ndipo afungue, wawili, kitanda kimoja, blanketi moja, kila mmoja amejificha kwa mwenzake na kila mmoja anajua, lakini wewe siyo mama, Tupo, wewe Audax hajui, Audax hajui kabisa, angejua angesema, Audax ni mtu wa kusema… anasema nini? Anasema habari za stoo, na Simba na Yanga, na anaposhika kitasa cha mlango wa chumba chako pale Kimara hukohoa kwanza, hukohoa mara mbili na kusema nipo hapa, kisha anangoja, na ufunguo anao, yeye mwenyewe Tupokigwe ndiye aliyempa, kwa nini mtu mwenye ufunguo akohoe, alidhani ni adabu, alijisifia kwa walimu wenzake kwamba mchumba wangu ana adabu, na siku moja kanisani upepo ulipolivuruga wigi, Audax alijishughulisha kufunga kamba za viatu, viatu visivyo na kamba, na bango… mabati, geji, rangi, ofa ya kijani, namba za simu mara mbili, mtu gani anasimama kwenye mvua kusoma namba za simu mara mbili, Audax, Audax, hukuwa unasoma mabati.

Hofu aliyokuja nayo dukani anaitafuta haipo, mahali pake pamekaa nyingine kubwa zaidi, maana ile ya kwanza ilikuwa ya dakika moja, ya altare, ya sekunde arobaini za video, mtu anaumbuka, watu wanacheka, maisha yanaendelea, lakini hii ni ya kitanda na ukuta, hii ni ya kukoroma kwa uongo, ya mume mwema mwenye heshima zake ambaye atageuka leo na kesho na keshokutwa mpaka nywele zake yeye ziote mvi, na siku moja atasimama nyuma ya pazia awaelekeze watu wengine fundo likae wapi. Anatazama nje kupitia mlango wa kioo. Gari limeegeshwa kwenye vumbi la Barabara ya Bagamoyo, na Audax amekaa juu ya boneti na hindi lake la kuchoma, mgongo ameupa duka, kwa sababu dada yake alimkaripia walipofika, we geuka huko, ukiiona shela kabla ya siku ni mkosi, na yeye akacheka akageuka, na tangu wakati huo hajatazama nyuma hata mara moja, malori yanapita, pikipiki zinapiga honi, yeye katulia, anajua sana kukaa hivyo, shingo yake imetulia kama ya mtu mwenye mazoezi.

"Tutoe, mwanangu?" Bi Rukaiya anauliza tena, na taji bado liko hewani, na meno yale kumi na manne, na feni inageuka huku, inageuka kule, na mkono wa Tupokigwe bado uko kichwani, haujashuka, anaogopa, Mungu wangu anaogopa kuliko alivyoogopa anaingia, na Felicitas ameinua simu tena, "Haya wifi, cheka basi."

"Wifi," anasema, "weka simu chini kwanza, nakuomba. Kamwambie Audax ageuke."